Kabla hujalinganisha Nairobi na Mandera

Kuna grafu moja ambayo haijaacha kunifikia tangu mwisho wa 2021. Rangi zake hubadilika na anayeituma hubadilika, lakini umbo ni lilelile. Chini imepangwa asilimia ya watu waliochanjwa dhidi ya korona, pembeni vifo kwa kila watu milioni moja, na katikati nukta zimetawanyika, kila nukta nchi au kaunti yake. Ukiitazama haraka unaona nukta zikipanda kutoka kushoto kwenda kulia: waliochanja wengi ndio waliozika wengi. Chini ya picha huwa pana maneno mawili matatu ya kukutaka ujionee mwenyewe.

Mara hii imetoka kwa shemeji yangu, mume wa dada mkubwa. Shemeji si mtu wa porojo. Anapeleka vitunguu na viazi Garissa kwa lori, amefika Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na chini ya grafu aliandika hivi: "Shemeji, kule Mandera watu hawakudungwa na sikuona makaburi. Nyinyi wa Nairobi mlidungwa na mkazikana. Hebu nieleze." Ni swali la haki. Limetoka kwa mtu aliyeona kitu kwa macho yake na anataka kujua kwa nini wataalamu wanasema kinyume. Kwenye simu halielezeki, hasa yeye akiwa barabarani na mtandao unakatika baada ya Mwingi, kwa hiyo naomba nimjibu hapa, pamoja na yeyote aliyewahi kutumiwa picha ile akakosa la kusema.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni rekodi za afya katika kituo kimoja cha umma hapa Eastlands, Nairobi. Najaza na kujumlisha: rejista za kliniki ya watoto, za wajawazito, fomu za mwisho wa mwezi, kisha naziingiza kwenye KHIS, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya nchini, ambako kaunti na wizara wanazisoma. Chanjo za kwanza za korona zilipotua uwanja wa Jomo Kenyatta tarehe 3 Machi 2021, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawa chanjo, haikuchukua muda nami nikawa mmoja wa waliokaa mezani kuandika. Asilimia ya chanjo ambayo wengine wanaisoma gazetini mimi nimeshiriki kuitengeneza, na ndiyo sababu siipokei bila kuihoji.

Asilimia yoyote ni kugawa. Juu unaweka waliochanjwa, chini unaweka watu waliopo. Watu hubishana juu ya ile nambari ya juu, ilhali ya chini ndiyo inayoleta balaa zaidi.

Meza yetu ilikuwa chini ya hema, uani. Mwanzo walikuja wahudumu wa afya, walimu na polisi, kisha kuanzia mwishoni mwa Machi wakaruhusiwa wenye miaka 58 na zaidi. Chupa ya AstraZeneca ilikuwa na dozi 10, na ikishafunguliwa ina saa chache tu kabla ya kumwagwa. Jioni, mwuguzi alipoona imebaki nusu, alitoka nje ya geti akaita aliyekuwa karibu: mama wa mboga, kondakta, kijana wa bodaboda. Wote hao niliwaandika. Jina, kitambulisho, umri, simu, nambari iliyo kwenye chupa. Nilikuwa nikiwauliza wanakoishi pia. Kitengela. Ruiru. Mlolongo. Joska. Githurai, na ukiambiwa Githurai unauliza upande gani wa barabara kuu ya Thika, maana 44 iko Nairobi na 45 iko Kiambu. Ni watu wanaoamka saa kumi alfajiri kuja kufanya kazi Industrial Area na katikati ya mji, na ilikuwa rahisi kwao kudungwa karibu na kazini kuliko nyumbani. Ripoti yetu ya jioni haikuwa na nafasi ya kusema hayo. Dozi ilihesabiwa pale ilipodungwa.

Sasa gawa. Juu kuna mtu wa Kitengela aliyedungwa Nairobi. Chini kuna idadi ya watu wa Nairobi, milioni 4.4 kwa sensa ya 2019, na mtu wa Kitengela hayumo humo, amehesabiwa Kajiado. Nairobi inapanda, Kajiado inashuka, na hakuna aliyedanganya mahali popote. Gibraltar, kieneo kile kidogo kilicho chini ya Hispania, ilivuka asilimia 100 ya watu wake kwa sababu Wahispania wanaovuka mpaka kila asubuhi kwenda kazini walichanjwa huko. Wenzangu wa rekodi hawatashangaa. Kwenye chanjo za watoto tunaona kila mwaka kituo au kaunti ndogo ikitoka na asilimia 110, kwa sababu makadirio ya watoto waliozaliwa yalikuwa chini ya watoto waliokuja.

Na hiyo nambari ya chini ni watu gani hasa? Serikali yetu ililenga watu wazima milioni 27. Sensa ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na karibu nusu yao hawajafikisha miaka 18. Tuseme watu milioni 10 wamechanjwa. Ukiwagawa kwa watu wazima unapata asilimia 37. Ukiwagawa kwa Wakenya wote unapata 21. Zote mbili ni sahihi, na nimewahi kuziona zote mbili zikipigwa ubavu kwa ubavu kwenye jedwali moja, nchi hii imegawiwa kwa watu wazima, ile kwa watu wote, bila hata neno la kumwonya msomaji. Tena kuna dozi na kuna watu. Mwishoni mwa 2021 Kenya ilikuwa imetoa karibu dozi milioni 10, na wengi niliozungumza nao walielewa kuwa ni watu milioni 10 waliokamilisha, ilhali aliyedungwa AstraZeneca mara mbili alihesabika mara mbili, na wa Johnson & Johnson aliandikwa amekamilisha siku ileile ya kwanza, kwa kuwa yake ilikuwa dozi moja tu.

Mandera ina tatizo lake la nambari ya chini. Matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya kadhaa za kaskazini yalifutwa na serikali yenyewe mwaka uliofuata, na ya 2019 nayo yamebishaniwa mahakamani na viongozi wa huko wanaosema watu wao wamepunguzwa. Kama watu ni wengi kuliko walioandikwa, basi hata asilimia ndogo ile ya chanjo ilikuwa ndogo zaidi. Lakini sitaki kukaa hapo sana, kwa sababu swali la shemeji lilikuwa makaburi.

Kifo cha korona kilichoingia kwenye taarifa ya jioni ya Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati ule, kilipaswa kupita milango mingi. Mgonjwa afike hospitalini, au angalau apimwe. Pawe na vifaa vya kupimia, na maabara iliyo karibu. Matokeo yarudi. Daktari aandike chanzo cha kifo. Mwenzangu wa rekodi atume. Nairobi milango hiyo yote ilikuwa wazi, au nusu wazi: maabara kubwa za serikali na za binafsi ziko hapa, na hapa huwezi kumzika mtu bila kibali cha mazishi, kwa hiyo kila maiti ina karatasi. Mandera mjini ni zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa kwa barabara. Mzee akizidiwa na pumzi kwenye kijiji cha mbali na mji, akafariki alfajiri, atazikwa siku hiyohiyo kabla ya jua kutua, kama dini inavyoagiza. Hakuna mochari, hakuna kipimo, na mara nyingi hakuna hata taarifa kwa naibu wa chifu. Vifo vya aina hiyo haviandikwi kabisa, viwe vya korona, vya malaria au vya uzee. Kaunti za kaskazini mashariki zimekuwa mkiani mwa uandikishaji wa vifo tangu zamani, kabla ya ugonjwa huu. Shemeji alipita na lori kwenye barabara kuu, akanunua mafuta, akalala, akarudi. Makaburi ya familia hayako kando ya barabara kuu.

Lusaka walifanya kitu ambacho ningependa kingefanyika kila mahali. Kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti walipima maiti katika mochari ya hospitali kuu ya chuo kikuu, watu 364 waliokufa kwa sababu mbalimbali. Kati ya asilimia 15 na 20 walikutwa na virusi. Wengi wao walifia nyumbani, na ni wachache sana waliokuwa wamepimwa wakiwa hai. Wakati huohuo dunia ilikuwa ikiuliza kwa nini Afrika haifi. Peru walikaa chini wakarudia hesabu yao, na mwishoni mwa Mei 2021 vifo vyao vikapanda kwa siku moja kutoka karibu 69,000 hadi zaidi ya 180,000. Hakuna mtu mpya aliyekufa siku hiyo. Na kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria Mei 2022 kwamba miaka ya 2020 na 2021 ilikuwa na vifo vya ziada karibu milioni 14.9, yaani juu ya vile ambavyo vingetarajiwa miaka ya kawaida, ilhali vilivyotangazwa kuwa vya korona vilikuwa milioni 5.4 hivi.

Angalia basi Tanzania kwenye grafu zile za 2021. Jirani zetu waliacha kutangaza takwimu mwaka 2020 wakiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na chanjo hazikuanza hadi Julai 2021 chini ya Rais Samia. Nukta yao ikakaa kwenye kona ya chini kushoto: hawajachanja, hawajafa. Nukta ile inapima uamuzi wa kutotangaza. Haisemi lolote kuhusu mapafu ya watu wa Dar es Salaam, na jamaa zangu wa Tanga waliozika mwaka ule wanalijua hilo.

Hata hivyo sitasema kwamba tofauti yote ni ya karatasi. Kuna wanaovuka mpaka upande wa pili, wanaosema Afrika ilikufa kama Ulaya ila haikuhesabu. Hilo nalo silikubali, kwa sababu ya umri.

Korona huchagua wazee kwa ukali ambao magonjwa machache yanao. Kabla ya chanjo, makadirio yaliyotokana na tafiti nyingi za nchi tajiri yalikuwa hivi: katika walioambukizwa wakiwa na miaka 55, wangekufa karibu 4 kwa kila 1,000. Wakiwa na miaka 65, 14. Miaka 75, 46. Miaka 85, karibu 150. Kwa watoto, ni wachache mno kati ya kila laki moja. Kenya ina watu wenye miaka 65 na zaidi wasiofika asilimia 4. Bulgaria wamepita asilimia 20, Japani 28. Ukileta virusi vilevile, bila chanjo, bila barakoa, kwa idadi sawa ya watu, Kenya na Bulgaria hazitazika sawa hata kidogo. Kuziweka kwenye grafu moja na kutafuta chanjo ilifanya nini ni sawa na kupima dawa ya shinikizo la damu kwa kulinganisha shule ya chekechea na nyumba ya wazee.

Haya, rudi nyumbani. Nairobi ni mji wa vijana. Mtu akistaafu anarudi ushago. Nyeri, Murang'a, Siaya, Vihiga, huko ndiko wazee waliko. Mandera ina watoto wengi kupita kiasi na wazee wachache. Sasa jiulize ni kaunti zipi zilizokuwa mbele kwa chanjo mwisho wa 2021. Nairobi na Nyeri zilikuwa juu kabisa. Kaunti za kaskazini zilikuwa chini. Nyeri kuna wazee wengi, barabara za lami, hospitali za kanisa, watu waliozoea kliniki. Kila kimoja kati ya hivyo kinapandisha chanjo, na kila kimoja kinapandisha vifo vilivyotangazwa: wazee hufa zaidi, na hospitali huandika. Chora grafu ya kaunti zetu na mstari utapanda kama ule wa shemeji, hata kama kila sindano ilifanya kazi yake barabara. Ungeweza kuweka idadi ya mashine za eksirei mahali pa chanjo na mstari ungepanda vilevile.

Kisha kuna msiba wenyewe. Watu hukimbilia sindano pale wanapoona jirani amekufa. Juni 2021 aina ya virusi iitwayo Delta ilipiga Kisumu na kaunti za ziwani na magharibi hadi serikali ikawekea kaunti 13 masharti makali. Na wakati huo AstraZeneca ilikuwa adimu, kwa kuwa India, ilikotengenezwa, ilikuwa imezuia kuuza nje ilipozidiwa yenyewe. Hapa kwetu nilikuwa napokea simu za watu waliokuwa wamepuuza sindano tangu Machi, sasa wanaomba hata dozi moja, kwa sababu mzee wao wa Siaya amelazwa. Kwenye grafu ya mwisho wa mwaka, vifo na chanjo vitakaa pamoja katika mahali pamoja, na asiyejua kipi kilitangulia atasema kimoja kimesababisha kingine. Atakosea mwelekeo tu.

Kuhusu wakati niseme moja zaidi, kwa sababu ndilo linalovunja grafu nyingi za Kenya. Vifo vilivyotangazwa nchini tangu mwanzo hadi leo havifiki 5,700. Zaidi ya 5,300 kati yake vilikuwa vimeshatangazwa kufikia mwisho wa 2021, wakati Wakenya wengi hawakuwa wamepata hata dozi moja. Anayechukua kiwango cha chanjo cha 2023 na kukilinganisha na jumla ya vifo vyote anaipa chanjo jukumu la watu waliozikwa kabla haijafika.

Mojawapo ya grafu za mwanzo ilitoka kwenye makala ya kweli, iliyochapishwa Septemba 2021 katika jarida la Ulaya la epidemiolojia. Ililinganisha nchi 68 na kaunti 2,947 za Marekani na haikuona uhusiano kati ya chanjo na ongezeko la maambukizi. Ndiyo, ilichapishwa. Lakini ilichukua wagonjwa wapya wa siku saba tu, katika nchi ambazo kila moja ilikuwa mahali tofauti kwenye wimbi lake, na ilihesabu walioambukizwa, si waliolazwa wala waliokufa, bila kutenganisha umri. Waandishi hawakusema watu waache kuchanjwa. Picha ilisafiri, maelezo yakabaki nyuma.

Sasa nifike kwenye mfano ambao ningetaka shemeji asimame kando ya barabara ausome polepole.

Agosti 2021 habari zilienea kwamba Israeli, nchi iliyochanja mapema kuliko karibu zote, wengi wa wagonjwa mahututi wa korona walikuwa wamechanjwa. Ilikuwa kweli. Katika takwimu za katikati ya mwezi ule, kati ya wagonjwa 515 waliokuwa na hali mbaya, 301 walikuwa wamechanjwa kikamilifu na 214 hawakuchanjwa. Ukisikia hivyo tu, utasema sindano ni maji.

Swali la kwanza: waliochanjwa walikuwa wangapi kwa jumla? Walikuwa milioni 5.6, na wasiochanjwa milioni 1.3. Katika kila watu 100,000 waliochanjwa, mahututi walikuwa 5 hivi. Katika kila 100,000 wasiochanjwa, 16. Tayari hadithi imegeuka: aliyechanjwa alikuwa na hatari ya theluthi moja tu.

Swali la pili: umri. Walio chini ya miaka 50: waliochanjwa walikuwa milioni 3.5, na mahututi 11 peke yake. Wasiochanjwa walikuwa milioni 1.1, na mahututi 43. Hiyo ni 0.3 dhidi ya 3.9 kwa kila 100,000. Wenye miaka 50 na zaidi: waliochanjwa milioni 2.1 na mahututi 290. Wasiochanjwa 186,000 na mahututi 171. Hiyo ni 13.6 dhidi ya 91.9.

Soma tena. Kwa vijana chanjo ilipunguza hatari kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa wakubwa, kwa asilimia 85. Lakini ukiwachanganya wote kwenye chungu kimoja unapata asilimia 67, chini ya makundi yote mawili. Inawezekanaje wastani ukawa chini ya vyote vilivyouzaa? Kwa sababu waliochanjwa walikuwa wakubwa zaidi. Katika wenye miaka 50 na zaidi, watu 92 kwa kila 100 walikuwa wamechanjwa. Wasiochanjwa wengi walikuwa vijana, ambao hata bila sindano wangeugua kidogo. Umri ulikuwa umekaa upande mmoja wa mizani bila kuonekana. Hayo ni ndani ya nchi moja, wiki zilezile, hospitali zilezile, wanaohesabu walewale. Kama kuchanganya umri kunaweza kuficha kiasi hicho ndani ya Israeli, fikiria kinachofichika kati ya Nyeri na Mandera.

Kinyume chake pia hutokea, asilimia nzuri ikaficha hatari. Hong Kong mwanzoni mwa 2022 ilionekana imechanja vizuri kwa ujumla. Aina mpya ya virusi, Omikroni, ilipoingia, vifo vyao kwa idadi ya watu vikawa miongoni mwa vya juu kabisa duniani kwa wakati ule, kwa sababu katika wenye miaka 80 na zaidi chini ya nusu walikuwa wamepata dozi mbili. New Zealand ilipata wimbi lake wakati huohuo ikiwa imechanja karibu wazee wake wote, na haikuzika namna hiyo. Asilimia ya nchi haikuonyesha tofauti hiyo; asilimia ya wazee ndiyo iliyoonyesha. Nikipewa nambari moja tu ya kujua kaunti fulani iko salama kiasi gani, nitaomba ile ya wenye miaka 60 na zaidi, hizo nyingine mtu akae nazo.

Shemeji atasema: hata hivyo, Mandera ilikuwa na kinga gani bila sindano? Ilikuwa nayo kiasi, na si Mandera peke yake. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, walipima damu ya wachangiaji kote nchini kuanzia Januari hadi Machi 2021, kabla chanjo haijaenea, na wakakuta karibu nusu wana kingamwili. Virusi vilikuwa vimeshapita kwenye nusu ya watu wale, na taarifa za jioni zilikuwa hazijataja hata wagonjwa laki mbili na nusu. Kwa hiyo "hawajachanjwa" haina maana ya "hawana kinga". Walioambukizwa wakapona walipata kinga yao, na bei yake ililipwa na wale ambao hawakupona, wale wa makaburi ambayo lori halipiti. Ukifika wakati wa Omikroni, unalinganisha kaunti yenye sindano na kaunti yenye maambukizi, na zote mbili hazikuwa zile za 2020.

Je, hakuna ulinganisho wa maeneo ninaouamini? Upo. Chukua nchi zinazofanana kwa umri na zinazoandika vifo vyote, na tumia vifo vya ziada badala ya vifo vilivyotangazwa. Ndani ya Umoja wa Ulaya, Bulgaria ilikuwa mkiani kwa chanjo, watu wapatao 3 kwa kila 10, na ilikuwa miongoni mwa waliopoteza watu wengi zaidi kwa vifo vya ziada. Ureno ilikuwa miongoni mwa vinara wa chanjo na majira ya baridi ya mwisho wa 2021 hayakuwafanyia hivyo. Bado kuna tofauti za hospitali na maradhi ya moyo baina yao, na sidai hiyo peke yake ni uthibitisho. Lakini angalau wazee wapo pande zote mbili, na makaburi yote yana karatasi. Ukifuta nukta za nchi changa na zisizohesabu ukabakiza zile zinazolinganika, mstari wa shemeji unainama kuelekea chini.

Naandika haya kwa uchungu kidogo kwa sababu hoja ileile haikuishia kwenye korona. Kina mama wanakuja kliniki na simu mkononi, wananionyesha grafu ya nchi fulani na chanjo ya HPV ya mabinti, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, mstari unapanda, na wanauliza kama kweli nataka kumdunga mtoto wao. Nawauliza grafu inahesabu nini, na nani alipimwa. Nchi inayopima wanawake wote saratani ya mlango wa kizazi itapata wagonjwa wengi kuliko nchi isiyopima yeyote. Wengine wanaelewa papo hapo, wengine wanaondoka na mtoto, na anayeondoka naye simlaumu kwa sababu alikuja kuuliza.

Ningefurahi kaunti na wizara zikitoa jedwali moja la kawaida badala ya asilimia ya jumla: umri, wamechanjwa au hawajachanjwa, wamelazwa wangapi, wamekufa wangapi, kwa mwezi. Kwenye rejista yangu umri upo, tarehe ipo, chapa ya chanjo ipo. Kwenye faili ya wodi kuna umri na kifo. Kinachokosekana ni kuziunganisha karatasi hizo mbili, na kwa upande wa kaskazini, kumpa naibu wa chifu njia rahisi ya kuandika kifo kilichotokea mbali na hospitali, kwa simu, siku hiyohiyo, bila familia kusafiri hadi makao makuu ya kaunti ndogo kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Na wewe shemeji, ukifika Mandera safari ijayo, usihesabu makaburi. Mtafute mzee wa mtaa au imamu akwambie waliofariki 2020 na 2021 walikuwa wangapi kuliko miaka miwili iliyotangulia, na walikuwa wa umri gani. Nitaiamini hesabu hiyo kuliko grafu yoyote iliyo kwenye simu yako, hata ikinipinga.